Moshi Kwenye Gata

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti, na usishtuke nikianza na kelele. Kifuniko cha chemba ya maji taka ni chuma kizito. Watu wawili hukiinua kwa nondo na bado hukunja uso. Alasiri ile nilikiona kikiruka. Kwanza kilitetemeka na kugongagonga kwenye fremu yake, kama kifuniko cha sufuria ya githeri iliyosahaulika motoni. Kisha maji yakakipiga kutoka chini, kikapaa, kikaangukia mkokoteni wa punda na kuvunja gurudumu. Punda akaanza kurusha mateke akiwa bado amefungwa. Nyuma ya kifuniko likaja lile lililokisukuma: nguzo ya maji ya kahawia, nene kama kiwiliwili cha mtu, ikapanda, ikaanguka, ikapanda tena.

Hii ilikuwa Nakuru, katika mtaa ulio chini ya reli, upande ule ambao ardhi inateremka kuelekea ziwani. Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya Menengai, maji hushuka huko kana kwamba yameitwa. Nilikuwa ndani ya pikapu ya ofisi nikisubiri mvua ipungue ili nichukue vipimo kutoka kwa kifaa tulichokuwa tumekifunga ndani ya bomba. Kazi yangu ni kuchunguza kama ukarabati wa mabomba ya maji taka umefanikiwa au la, na chombo changu kikubwa ni kompyuta. Usiogope neno hilo. Nitakueleza pole pole, na utaona kwamba hata wewe ungeweza kulifikiria jambo lenyewe ukichambua maharagwe.

Nilikuwa na fundi mkuu aliyeongoza ukarabati huo. Alikuwa mpangaji katika mtaa uleule, pamoja na mkewe na watoto wao. Alipoona maji yale yanaelekea mlango wa mama mmoja anayeuza chapati, hakusubiri mvua. Alifungua mlango wa gari, akatoka na jaketi lake la manjano, akaanza kuburuta mifuko ya mchanga.

Jaketi lile ndilo lililomponza.

"Ndiye huyu!" sauti ilitoka kwenye baraza ya ploti iliyokuwa mkabala. "Huyu ndiye aliziba bomba!"

Aliyepiga kelele alikuwa mwenye ploti ile, safu ndefu ya vyumba vya kupangisha vyenye mabati mapya, na pia alikuwa mwenyekiti wa wenye ploti wote wa mtaa. Watu walitoka vyumbani wakiwa wamekunja suruali, wengine wamebeba magodoro yanayochuruzika uchafu. Walikuwa na haki ya kukasirika. Hakuna hasira kama ya mtu aliyekuta kinyesi cha mtaa mzima juu ya kitanda cha mtoto wake.

"Mliingiza gunia ndani ya bomba mkaliacha huko!" alisema mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya sufu.

"Si gunia, buda," fundi alijibu, bado ameshika mfuko wa mchanga. "Ni bitana."

"Bitana ni ya koti! Kwani wewe ni fundi wa nguo?"

Watu walicheka. Nakumbuka kicheko hicho kuliko kitu kingine chochote cha siku ile, kwa sababu kilikuwa kicheko cha kweli, na kabla hakijaisha ngumi ya kwanza ilikuwa imeshamfikia mdomoni.

Walimwangusha ndani ya maji yaleyale. Walimpiga mateke ya mbavu. Mtu alimvua jaketi, mwingine akalipitisha shingoni mwake na kuvuta. Yule wa kofia ya sufu aliokota nondo yetu wenyewe, ile ya kufungulia chemba, akampiga nayo mkono wa kulia aliokuwa amejikingia kichwa. Nilisikia mfupa. Watu husema mfupa hulia kama kuni kavu. Huu ulilia kama karoti. Kutoka kwenye baraza yake mwenyekiti aliita, "Mtoeni karibu na ukuta wangu!" na mwingine akajibu kwamba taya, tairi la kumvisha shingoni, inakuja, pamoja na petroli.

Nilibonyeza honi na kuusukuma umati kwa bampa, taratibu, nikilia. Jiwe lilivunja kioo cha mbele, vipande vikanimwagikia mapajani. Sijui kama ningefika kwake. Aliyefika ni mama wa chapati, na kifimbo chake cha kusukumia unga, akiwapiga wanaume vichwani mmoja baada ya mwingine, pa, pa, pa.

"Mnaua mtu mlangoni kwangu? Nani atakula chapati hapa tena? Wewe! Si jana umekula za deni? Toka!"

Waliyumba kidogo, na nafasi ile ndogo ikatosha. Tulimsukumiza kwenye gari kama gunia la viazi. Nilirudi nyuma kwa kasi, na mawe yakatusindikiza hadi kwenye reli.

Sasa nikueleze kuhusu ile bitana, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini walitaka kumchoma.

Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano ya zamani. Ukikauka ni mgumu, lakini maji yakipita ndani yake huondoka nayo kama sukari. Bomba kuukuu la zege la mtaa ule lilikuwa na nyufa. Mvua ikinyesha, maji ya ardhini yaliingia kwenye nyufa yakibeba udongo, na juu yake barabara ikabaki ganda tupu. Kabla ya ukarabati, barabara ile ilimeza gurudumu la lori mchana kweupe. Kwa hiyo hatukutaka kuchimba na kuiamsha ardhi hiyo. Tulishusha ndani ya chemba soksi ndefu ya kitambaa kizito kilicholoweshwa gundi, tukaisukuma kwa maji ipite ndani ya bomba lote, kisha tukayapasha moto maji hayo hadi gundi ikawa ngumu kama sahani. Ni bomba jipya ndani ya lile la zamani, vile fundi cherehani anavyotia bitana ndani ya koti.

Lakini jiweke mahali pa jirani anayetazama. Ameona watu wakiingiza kitambaa kinene ndani ya bomba. Ameona wakiondoka na kitambaa hakijatoka. Masika yamekuja, na chemba ambayo zamani ilikuwa ikitoa povu tu sasa inarusha kifuniko chake. Wewe ungefikiri nini?

Nilimkuta fundi wodini, jicho moja limevimba na kufumba, mkono umefungwa plasta hadi kiwikoni. Mkewe alikuwa amekwisha kuchukua watoto na kwenda Karagita, mbali na Nakuru, kwa dada yake anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua, wote katika chumba kimoja. Mlango wa nyumba yao chini ya reli ulikuwa umepigwa teke na kuvunjwa. Fundi alinipa simu yake kwa mkono wa kushoto nisome ujumbe: *Ukirudi huku tunakumaliza.*

"Madam," aliniambia, maneno yakipita kwa shida kati ya midomo iliyovimba, "hiyo kompyuta yako inasema niliziba?"

"Bado sijaiuliza."

"Basi iulize. Ikisema niliziba, nitajua nahamia wapi. Ikisema sikuziba, nataka kurudi kwangu. Sina kwingine."

Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani: kama mtu huyu angerudi nyumbani kwake akiwa hai. Na ningekudanganya nikisema nilikuwa na uhakika na jibu. Bitana inaweza kukunjika ndani ya bomba. Huwa inatokea.

Sasa sogea nikuonyeshe kompyuta ilivyoulizwa. Tuseme umempa ng'ombe wako dawa ya minyoo wakati wa kiangazi, na masika yakaja, na maziwa yakaongezeka. Je, ni dawa au ni majani mabichi? Huwezi kujua kwa kulinganisha ndoo na ndoo. Ungehitaji ng'ombe yuleyule, kwenye majani hayohayo, ambaye hakupewa dawa. Ng'ombe huyo hayupo. Lakini kama ulimjua ng'ombe wako vizuri kabla ya dawa, kama unajua anavyoitikia kila aina ya malisho, unaweza kumwumba kichwani na kumwuliza: wewe usingepewa dawa, leo ungetoa kiasi gani?

Ndivyo tunavyofanya. Kabla ya ukarabati tulifunga vipimo ndani ya chemba kadhaa na kipimamvua juu ya paa la shule. Masika yote tulirekodi mvua imenyesha vipi na bomba limeitikia vipi. Kisha tukaliunda bomba lile ndani ya kompyuta, urefu wake, mteremko wake, nyumba zinazoliingilia, nyufa zake, tukalirekebisha hadi likaitikia mvua kama lile la kweli. Huyo ndiye ng'ombe wangu asiye na dawa. Baada ya ukarabati, masika mapya yalipokuja, nililinyeshea bomba la kompyuta mvua ya mwaka huu na kulinganisha majibu yake na yale ya bomba la kweli lenye bitana. Tofauti baina ya hayo mawili ndiyo kazi ya bitana.

Nilianza na mvua ya siku ile ya kichapo. Mstari wa bomba la kweli ulipaa juu ya mstari wa bomba la zamani kama mkuki. Maji yalikuwa mengi kuliko kabla ya ukarabati. Nilifunga kompyuta, nikatoka nje, nikasimama karibu na ukuta wa ofisi nikitazama gari letu lisilo na kioo. Niliona mkono wa fundi. Niliona taya.

Nilirudi, kwa sababu mstari una umbo, na umbo ndilo linalosema. Nitazame nikichora kwa kidole. Maji yanayopitia nyufa hayana haraka. Mvua inyeshe leo, udongo unywe, ushibe, ndipo uanze kuvuja ndani ya bomba, na utaendelea kuvuja siku nyingi baada ya jua kutoka. Kwenye mchoro huo ni mlima wenye mkia mrefu. Katika bomba la kweli, mkia huo ulikuwa umekatika kabisa. Mvua ikiisha, maji yanaisha. Bitana ilikuwa imefunga nyufa zote, na fundi alikuwa amefanya kazi safi.

Tena, kama bitana ingekuwa imekunjika na kuziba, maji yangejaa upande wa juu wa mahali palipozibwa, kama gari zinavyopangana nyuma ya ajali kwenye barabara ya Gilgil. Kipimo cha upande wa juu kilionyesha maji yanapita kwa kasi, bila kujaa. Yalikuwa yanajaa chini, mahali ambapo mabomba mawili yanakutana, karibu na mlango wa mama wa chapati.

Ule mkuki ulikuwa kitu kingine. Ulipanda mara tu matone ya kwanza yalipoanguka na kushuka mara tu yalipokoma. Udongo hauwezi kufanya hivyo. Kinachoitikia mvua papo hapo ni bati. Mtu, au watu wengi, walikuwa wameelekeza maji ya mapaa yao ndani ya bomba la choo, na walifanya hivyo baada ya ukarabati. Niliongeza mapaa ndani ya kompyuta, machache, kisha mengi, na mkuki ukaanza kuinuka, hadi mistari miwili ikalaliana.

Nilimpigia fundi simu. Nilimweleza yote. "Sasa waambie wao," alisema.

Kuwaambia ndiyo kazi.

Chifu aliitisha baraza kwenye uwanja wa kanisa, hatua chache kutoka ile chemba, na polisi wawili walisimama pembeni wakiwa na bunduki na sura za kuchoka. Nilibandika michoro yangu kwenye ukuta. Nilieleza habari ya ng'ombe. Wachache walitikisa vichwa, hasa wanawake wenye umri, lakini wengi walikuwa wamekuja na mawe mfukoni badala ya masikio.

"Madam injinia," alisema mwenyekiti wa wenye ploti, amevaa koti zuri, "hiyo kompyuta yako ilinyeshewa wapi?"

Kicheko.

"Kompyuta haiishi chini ya reli!" mwingine akadakia. "Iletwe ilale hapa kwetu siku moja, ione kama itaamka!"

"Mimi nataka kuuliza," alisema yule wa kofia ya sufu, akasimama. "Huyo fundi yuko wapi? Kama hana makosa, mbona amejificha?"

Hakuwa amejificha. Nilikuwa nimemkataza kuja, na alikuja, akaketi ndani ya pikapu akiwa amefunika kichwa kwa shuka. Plasta nyeupe ndiyo iliyomfichua. Mtu alipiga mluzi. Uwanja mzima uligeuka. Halafu wakamwendea, bila mbio, wakitembea haraka tu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Jiwe la kwanza lilipiga mlango wa gari. La pili lilimpata polisi mmoja, naye akafyatua risasi hewani, watu wakalala chini na kuinuka wakiwa wakali kuliko mwanzo. Walishika gari na kuanza kulitikisa. Nilimwona fundi ndani akigongwa huku na huku kama mbegu ndani ya kibuyu.

Hapo ndipo feni ikawaka.

Nilikuwa nimepanga jambo moja zaidi, na chifu alikuwa amelitangaza kwa kipaza sauti siku iliyotangulia, nyumba kwa nyumba, kwa sababu Nakuru inaujua moshi wa nyumba na sikutaka mtu yeyote wa umri wangu akimbie akidhani yale ya kuchomeana nyumba baada ya uchaguzi yamerudi. Unaweka feni kubwa juu ya chemba na kupuliza moshi mweupe usiodhuru ndani ya bomba. Moshi hutafuta pa kutokea. Hautokei chooni, kwa maana maji yanayokaa kwenye kona ya choo ni mlango uliofungwa. Lakini bomba linaloshuka kutoka kwa gata, ile mifereji ya bati inayokusanya maji ya paa, halina mlango. Mafundi waliofanya kazi chini ya fundi mkuu walikuwa wamesimama na feni tayari. Walipoona gari likitikiswa, waliiwasha bila kungoja neno langu.

Mwanamke alipiga yowe, tangazo la chifu limemtoka kichwani. "Moto! Moto kwa ploti!"

Watu waliliacha gari. Moshi mweupe ulikuwa unafuka kwenye gata, kwanza kwa ploti moja, kisha ya pili, kisha safu nzima upande wa juu wa mtaa, ukitambaa ukingoni mwa mabati kama povu la maziwa linalotaka kufurika. Na mzito kuliko wote ulitoka kwenye mabati mapya ya mwenyekiti, kupitia bomba jeupe la plastiki lililoshuka ukutani na kuzama ardhini.

Hakuna aliyehitaji mchoro tena. Nilisikia mama wa chapati akisema, bila kupaza sauti, "Kumbe ni maji ya paa lako nimekuwa nikiyachota jikoni."

Ningependa kukuambia kwamba ukweli uliwatuliza. Ukweli uligeuza tu uso wa kundi. Walimshika mwenyekiti kwa koti lake zuri, likapasuka mgongoni. Alipigwa kichwa na mtu, meno yakatoka na damu. Madirisha ya ploti yake yalianza kuvunjika, na wapangaji wake mwenyewe ndio waliokuwa wanarusha mawe. Nikaona taya ikibingirishwa kuelekea kwake, ileile iliyoitwa siku ya kichapo, nadhani. Ilikuwa imehifadhiwa mahali. Nilisimama na michoro yangu mkononi nikielewa kwamba nilikuwa nimemwondoa mtu mmoja kwenye moto na kumwingiza mwingine.

"Tulikubaliana!" mwenyekiti alikuwa akipiga kelele kupitia damu. "Mnasahau? Tulikuwa tunakatana!"

Na alikuwa anasema kweli. Nililijua jambo hilo siku hiyo. Mtaani mle maji ya paa la kila ploti yalikuwa yakimwangukia jirani wa chini, na kila masika majirani walipigana kwa sababu hiyo. Ukuta ulibomolewa, mbwa alitiwa sumu, na mtu mmoja alikatwa bega kwa panga kwa ajili ya mfereji usio mpana kuliko kiganja. Bomba liliporekebishwa, habari zikaenea kwamba sasa ni jipya na linameza kila kitu. Wenye ploti walikaa chini, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba kila mtu aunge gata zake kwenye chemba ya choo chake, na ugomvi uishe. Ukaisha. Amani yao yote ilishuka kwa bomba moja na kutokea jikoni kwa watu wa chini.

Lakini kundi lenye taya halisikilizi historia. Lilichosikiliza ni mlango wa pikapu ukifunguliwa, na sauti ya mtu ambaye mbavu zake hazikumruhusu kupaza.

"Mkimchoma huyo," fundi alisema, "kesho ikinyesha bado mtaogelea mavi. Maiti haiwezi kutoa bomba."

Mtu alicheka kidogo, kwa aibu, kama anayekohoa.

"Nani ana msumeno?"

Fundi alipita katikati yao akiburuta mguu. Walimpisha, na niliona wengine wakitazama chini ili wasitazame plasta. Mama wa chapati akatoka na msumeno wa chuma kutoka sijui wapi. Fundi akauchukua kwa mkono wa kushoto, akauweka kwenye lile bomba jeupe, akajaribu. Bomba lilicheza, msumeno ukateleza. Akajaribu tena, jasho likimtoka, na bomba likacheza tena, kwa sababu kazi hiyo inataka mikono miwili na yeye alikuwa na mmoja.

Yule wa kofia ya sufu alikuja akapiga goti na kulishika bomba. Hakumwangalia fundi usoni. Fundi naye alitazama mikono ile iliyoshika bomba, mikono iliyowahi kushika nondo. Kisha akaanza kukata.

Bomba lilianguka, moshi ukatoka kwenye kisiki chake, na taya ile ikabaki imelala mchangani bila mtu wa kuisimamisha.

Hakuna aliyeomba msamaha. Mwenyekiti alipelekwa hospitali na baadaye akahamia Gilgil, akaacha ploti yake mikononi mwa mtoto wa dada yake. Mkono wa fundi haukurudi kama ulivyokuwa. Hushika kikombe, lakini hauwezi kukaza spana. Wiki zilizofuata watu walikata mabomba mengine, wakachimba mtaro wa wazi kando ya njia hadi kwenye mfereji mkubwa unaoteremka kuelekea ziwani, kila ploti kipande chake, na walipigana mara mbili kuhusu mpaka wa vipande hivyo, kwa majembe. Wakamaliza. Nami nilitoa mapaa ndani ya kompyuta, nikalinyeshea tena bomba lake mvua ileile ya siku ya kichapo. Mkuki haukuinuka.

Lakini kompyuta haiishi chini ya reli, walisema kweli. Kwa hiyo mvua kubwa iliyofuata nilikwenda. Fundi alikuwa amerudi kwake, mlango mpya wa mbao mbichi, mkewe akianika nguo ndani. Tulisimama pamoja tukitazama chemba, mvua ikitupiga mabegani kama kokoto. Kifuniko kilitetemeka. Fundi alirudi nyuma hatua moja, na mkono wake mbaya ukapanda wenyewe kukinga kichwa. Kifuniko kikatetemeka tena, kikatulia. Maji yalikuwa yanapita kwenye mtaro wa wazi, mekundu na yenye hasira, yakishuka yanakostahili kushuka. Mama wa chapati alitutolea chai mlangoni na kutuuliza kama tumekuja kunyeshewa au kufanya kazi.

"Inafanya kazi?" fundi aliniuliza.

"Inafanya."

"Waambie basi."

Ndiyo maana nakuambia, na sasa ni zamu yako. Siku ya jua, toka nje na ushike bomba linaloshuka kutoka kwa gata za nyumba yako. Lifuate kwa mguu hadi mwisho wake. Likiishia kwenye chemba ya choo, likate, na uyaelekeze maji yake kwenye tangi au kwenye mtaro wa wazi, mbali na ukuta wa jirani.